Nywila Yako Ikae Mikononi Mwako: Namna ya Kuitunga, Kuikariri na Kuihifadhi

Nimefanya kazi ya steshenari hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwa miaka 11, na katika muda huo nimewafungulia watu akaunti za kila aina: za baruapepe, za maombi ya mikopo ya wanafunzi, za maombi ya ajira serikalini, za namba ya mlipakodi na za vyuo. Nikiulizwa ni jambo gani linalowaumiza wateja wengi zaidi, sitaanza na wadukuzi wa nchi za mbali. Nitaanza na nywila iliyosahauliwa, na nywila ambayo mwenye akaunti hakuwahi kuijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu aliyeitunga na kuiandika kwenye kaunta buku la dukani alikuwa mtu mwingine.

Jioni moja, siku ya mwisho ya kupokea maombi fulani ya kazi, alikuja binti mhitimu wa ualimu aliyekuwa ametoka Tukuyu mchana, ameshika bahasha ya kaki yenye vyeti vyake. Aliniambia, "Kaka, naomba unifungulie imeili yangu, yule aliyenitengenezea ameshahama." Tulijaribu jina lake na mwaka wake wa kuzaliwa, tukajaribu jina la mama yake, kisha tukabonyeza sehemu ya kurejesha akaunti, na mfumo ukatueleza kwamba namba za uthibitisho zimetumwa kwenye simu inayoishia na tarakimu mbili ambazo hakuzitambua. Ilikuwa simu ya yule aliyemfungulia akaunti, na haikuwa ikipatikana. Saa sita usiku dirisha la maombi lilifungwa, na vyeti vyake vilirudi Tukuyu kwenye bahasha ileile. Tangu siku hiyo situngi nywila ya mteja. Ninampa kiti, ninageuza uso, na ninamwelekeza haya ninayoyaandika hapa.

Nitatumia neno nywila, ingawa kwenye simu nyingi utaona nenosiri na mtaani utasikia paswedi. Yote ni kitu kimoja.

Hatua ya kwanza: andika akaunti zako zote, kisha uzipime uzito

Chukua karatasi na uandike majina ya akaunti zote unazozitumia, bila kuandika nywila yoyote kwa sasa. Ukimaliza, jiulize kuhusu kila moja: mtu akiingia humu leo, nitapoteza nini? Utagundua kwamba akaunti za kweli nzito ni chache, na iliyo nzito kuliko zote ni ya baruapepe, hata kama unaifungua mara moja kwa mwezi, kwa sababu mifumo mingine yote hutuma huko kiungo cha kubadilishia nywila. Mwenye baruapepe yako ana ufunguo wa nyumba nzima. Baada yake zipo akaunti za fedha, kisha zile zinazobeba vitambulisho na vyeti vyako. Akaunti ya kusoma habari za mpira inaweza kukaa mwisho wa orodha.

Hatua ya pili: hakikisha njia ya kurejesha akaunti inaishia kwako

Fungua baruapepe yako, nenda kwenye mipangilio ya usalama, na utazame namba ya simu na baruapepe ya akiba zilizoandikwa pale. Ukikuta namba ya binamu, ya mchumba wa zamani au ya mhudumu wa steshenari, iondoe na uweke ya laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Kujua ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, piga *106# na ufuate maelekezo. Jambo hili ni muhimu hasa kwa watu wanaobadilisha laini mara kwa mara, kwa kuwa laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake inaweza kugawiwa kwa mtu mwingine, naye akaanza kupokea namba za uthibitisho zilizokusudiwa kwako.

Hatua ya tatu: iachie bahati itunge nywila

Hapa ndipo ninapowaomba watu wasiwe na haraka. Binadamu akiambiwa atunge siri, huchukua kitu kilicho karibu na moyo wake, na vitu hivyo vinafanana mno kati ya mtu na mtu. Mwezi Desemba mwaka 2009 kampuni ya Marekani iliyoitwa RockYou iliibiwa nywila zipatazo milioni 32 zilizokuwa zimehifadhiwa bila kufichwa, na iliyoongoza kwa wingi ilikuwa 123456. Orodha ile inapatikana mpaka leo, na ni miongoni mwa orodha ambazo programu za kubahatisha nywila huanza nazo. Usidhani kwamba kwa kuwa sisi tuna majina yetu tumesalimika. Mtu wa Iringa akiandika Mkwawa1898, akiunganisha jina la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na mwaka aliofariki, ameandika jambo linalofundishwa darasani; na jina la mahali kama Loleza, Rungwe, Kihesa au Gangilonga likifuatwa na mwaka wa kuzaliwa ni rahisi kukisiwa na yeyote anayefahamu unakotoka. Kubadilisha herufi a kuwa @ na o kuwa sifuri hakusaidii, maana programu hizo zinaijua hila hiyo tangu zamani.

Njia ninayoiamini ni ya dadu. Mwaka 1995 Mmarekani Arnold Reinhold alieleza utaratibu alioupa jina la Diceware, ambapo mtu hurusha dadu mara tano ili kuchagua neno moja kutoka kwenye orodha ya maneno 7,776, kisha hurudia mpaka apate maneno ya kutosha. Kwa kuwa wengi wetu hatuna orodha ndefu namna hiyo ya Kiswahili, ninawafundisha wateja kutengeneza ndogo kwa mkono, nayo inatosha kabisa ukiongeza idadi ya maneno.

Chukua daftari la shule na utenge kurasa sita. Katika kila ukurasa chora jedwali lenye mistari sita kwenda chini na safu sita kwenda kulia, upate visanduku 36. Kwa kurasa zote utakuwa na visanduku 216. Jaza kila kisanduku neno moja la kawaida, lenye herufi nne hadi nane, lisilofanana sana na jingine: jembe, kinu, ungo, twiga, chaki, gundi, shoka, kipepeo, blanketi. Kazi hii huchukua muda wa kuivisha maharage, na watoto wa nyumbani hupenda kusaidia. Orodha yenyewe si siri, hivyo usiogope wakiiona. Siri itatoka kwenye dadu.

Sasa jifungie peke yako na uchukue dadu ya ludo. Irushe mara tatu. Mrusho wa kwanza unakupa ukurasa, wa pili mstari, wa tatu safu. Ukipata 4, 1 na 6, fungua ukurasa wa nne, mstari wa kwanza, kisanduku cha sita, na neno lililomo ndilo neno lako la kwanza. Endelea hadi upate maneno sita. Tuseme umepata: ungo, twiga, chaki, gundi, kinu, shoka. Nywila yako ni ungo-twiga-chaki-gundi-kinu-shoka, pamoja na vistari hivyo. Mfumo ukidai herufi kubwa na tarakimu, weka herufi kubwa mwanzoni na tarakimu moja mwishoni, na usijichoshe zaidi ya hapo. (Mfano huu usiutumie, umeshasomwa na wengi.)

Kuna sharti moja ambalo watu hulivunja bila kujua. Usirushe tena dadu kwa sababu neno lililotoka halikupendezi, na usiyapange upya maneno ili yalete maana. Ukifanya hivyo, moyo wako umerudi kuchagua, na kazi ya dadu imeharibika.

Nguvu ya nywila hii inahesabika. Kila neno lina uwezekano 216, na maneno sita yanazalisha mipangilio zaidi ya trilioni 101, hata kama mwizi anayo nakala ya daftari lako lote. Kwa akaunti ya kwenye mtandao, ambayo mfumo wake hupunguza kasi au kumfunga anayekosea mara nyingi, idadi hiyo ni ngao nzuri. Kwa nywila kuu ya programu ya kuhifadhia nywila, ambayo nitaieleza mbele, rusha maneno manane. Idadi ya mipangilio inakuwa namba yenye tarakimu 19. Linganisha na namba ya siri ya tarakimu nne, yenye mipangilio 10,000 tu, ambayo mtu akiifanya mwaka wake wa kuzaliwa huipunguza hadi kuwa chini ya mia.

Hatua ya nne: ikariri kwa picha na kwa vidole

Maneno yasiyohusiana yanakumbukwa vizuri yakifungwa kwenye picha moja ya ajabu. Kwa mfano wetu, mwone twiga aliyevaa ungo kichwani kama kofia; mdomoni anatafuna chaki; chaki imenatishwa kwa gundi kwenye ukingo wa kinu; na ndani ya kinu, badala ya mtwangio, umesimama mpini wa shoka. Sema picha hiyo kimoyomoyo mara mbili au tatu huku macho umeyafumba. Picha ikiwa ya kawaida mno itapotea, kwa hiyo iache iwe ya kushangaza.

Kisha vifundishe vidole. Siku ya kwanza ingia na utoke kwenye akaunti mara tano, ukiandika nywila bila kutazama karatasi. Ukikwama, jaribu kuikumbuka kwanza kwa nusu dakika kabla ya kuchungulia, maana jitihada hiyo ya kukumbuka ndiyo inayoiweka akilini, kuliko kuisoma mara ishirini. Rudia kesho yake asubuhi, kisha siku ya tatu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Wateja wangu wenye umri mkubwa, wakiwemo mama zangu wawili wanaouza viazi, wameiweza njia hii, na mmoja wao hunicheka mimi ninapokosea ya kwangu.

Usijaribu kukariri nywila zaidi ya tatu kwa njia hii. Akili ina shughuli nyingine. Ibebe nywila ya baruapepe, ya programu ya kuhifadhia, na ya kufungulia simu au kompyuta yako. Nyingine zote zikae mahali pengine.

Hatua ya tano: andika kwenye karatasi, na uitunze kama hati ya kiwanja

Tuliambiwa kwa miaka mingi kwamba kuandika nywila ni kosa. Si kweli ikiwa karatasi inatunzwa. Bruce Schneier, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa Marekani, alishauri mwaka 2005 kwamba watu watunge nywila ngumu, waziandike, na waziweke pochini pamoja na karatasi nyingine za thamani, kwa kuwa kutunza kipande cha karatasi tunakuweza. Mdukuzi aliye nje ya nchi hawezi kufika kwenye sanduku lako la bati lililo chini ya kitanda huko Makambako.

Andika kwa kalamu ya risasi, yaani penseli, wala usitumie kalamu ya wino wa maji, kwa sababu wino wake husambaa karatasi ikipata unyevu, na huku kwetu, hususan Tukuyu na upande wote wa Rungwe ambako mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka, karatasi hupata unyevu hata ikiwa ndani ya kabati. Tofautisha sifuri na herufi O kwa kuipiga sifuri mstari wa mshazari, na uandike namba 1 yenye mguu ili isichanganywe na herufi l. Weka karatasi ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, kisha ndani ya kopo au sanduku. Nakala ya pili, uliyoiandika kwa mkono wako, ipeleke kwenye nyumba nyingine unayoiamini, kwa wazazi kwa mfano, ili moto au mwizi wa nyumba moja asimalize zote.

Ninaomba sana, hata kama ni kinyume cha biashara yangu: usiilete karatasi hiyo steshenari kutolewa kopi au kufanyiwa laminesheni. Mhudumu ataisoma, na baadhi ya mashine za kopi huhifadhi picha ya zilichopitisha. Usiipige picha kwa simu pia, kwa kuwa picha za simu nyingi hujipeleka zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na simu ikiibwa stendi ya Nane Nane, karatasi yako imekwenda nayo.

Hatua ya sita: nywila nyingine zikabidhi kwa programu

Mtu mwenye akaunti thelathini hawezi kuwa na nywila thelathini tofauti kichwani, na akitumia moja kwa zote, tovuti moja dhaifu ikiibiwa, wezi huichukua jozi ya baruapepe na nywila na kuijaribisha kwingine kote. Programu ya kuhifadhia nywila huzitunga kwa bahati nasibu, huzifunga zote ndani ya faili moja lililofichwa kwa hesabu nzito, na huzifungua kwa nywila kuu moja unayoijua wewe pekee.

Kwa asiye na bando la uhakika ninapendekeza KeePassXC, ambayo ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na faili lake unaweza kulinakili kwenye flashi mbili. Kwa mwenye simu na kompyuta anayetaka zote zisomane, Bitwarden ina huduma ya bure inayotosha. Anayetumia simu yake peke yake, iliyofungwa kwa alama ya kidole au namba ya siri, anaweza pia kuiruhusu simu au kivinjari kihifadhi, na hilo ni bora mara nyingi kuliko nywila moja kwa kila kitu. Lakini nywila kuu iwe ya maneno manane, isitumike kwingine: mwaka 2022 wezi walinakili hifadhi za wateja wa LastPass zikiwa zimefungwa, na waliokuwa na nywila kuu dhaifu ndio waliobaki katika hatari kubwa zaidi.

Programu hizi zina faida nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Zinapokuwa zimeunganishwa na kivinjari, zinakumbuka anwani ya tovuti, na ukifika kwenye ukurasa wa kughushi unaofanana na wa kweli, programu haitajaza kitu. Ikikataa kujaza, simama na uisome anwani herufi kwa herufi kabla hujaandika kwa mkono.

Hatua ya saba: weka mlango wa pili

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye baruapepe, yaani baada ya nywila mfumo udai pia namba ya uthibitisho. Ukiweza, tumia programu ya simu inayotoa tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30, kwa sababu hiyo haihitaji mtandao, nayo inafaa kwa wanaoishi mabondeni ambako mawimbi ya simu hukatika. Sharti ni saa ya simu iwe sahihi. Google hutoa pia namba kumi za akiba zenye tarakimu nane, na kila moja hutumika mara moja. Ziandike kwenye karatasi ileile ya hatua ya tano.

Namba hizo za uthibitisho hapewi mtu yeyote, awe amejitambulisha kama mhudumu wa benki au kama jirani aliyekosea kuzituma. Ukipokea ujumbe wa ulaghai, upeleke Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kupitia namba 15040, pamoja na namba iliyoutuma.

Hatua ya nane: unapotumia kompyuta isiyo yako

Kaa mwenyewe kwenye kibodi. Fungua kivinjari katika hali fiche (incognito), andika nywila yako kwa mkono wako, na kivinjari kikiuliza kama kihifadhi, kikatalie. Ukimaliza, jiondoe kwenye akaunti kabla ya kufunga dirisha, kisha futa vyeti ulivyopakua, pamoja na vilivyo kwenye pipa la takataka la kompyuta. Mhudumu akisema, "Dada, nitajie tu niandike mimi, tutawahi," mjibu kwa upole kwamba utaandika mwenyewe. Hakuna mhudumu mwema atakayechukia. Baada ya kazi nzito kwenye kompyuta usiyoifahamu, fungua akaunti yako nyumbani kwa simu, utazame orodha ya vifaa vilivyoingia, na ukiondoe kile cha dukani.

Hatua ya tisa: wakati wa kubadilisha, na wa kumkabidhi mwingine

Huna haja ya kubadilisha nywila nzuri kila baada ya miezi mitatu. Bill Burr, aliyeandika mwaka 2003 mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani uliosambaza desturi hiyo duniani, alikiri mwaka 2017 kwamba anajutia mengi ya aliyoyashauri, na mwongozo mpya wa taasisi hiyo wa mwaka huohuo uliagiza mtu alazimishwe kubadilisha pale tu panapokuwa na ushahidi kwamba nywila imevuja. Anayelazimishwa kila mara huongeza tu namba mwishoni, na mwizi analijua hilo. Kuangalia kama baruapepe yako imo kwenye orodha zilizoibwa, tumia Have I Been Pwned, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2013 na Troy Hunt wa Australia. Ukijikuta humo, au ukiwa uliwahi kumtajia mtu nywila yako, badilisha siku hiyohiyo, ukianza na baruapepe.

Mwisho, chukua bahasha, uweke ndani nywila kuu na maelezo mafupi ya mahali ilipo flashi, uigundishe, usaini juu ya mdomo wake, na umkabidhi mtu mmoja unayemwamini kwa maisha yako, ukimweleza kwamba ataifungua endapo utaugua vibaya au kufariki. Kila mwaka mwombe akuoneshe bahasha hiyo. Ukikuta saini imepasuka, rudi kwenye daftari la visanduku na urushe dadu upya.